Dropushoti: chubwi lilale, chambo kicheze

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni mtu wa Morogoro, sasa naishi Marietta, Georgia, mwaka wa pili huu. Jumamosi nakwenda kuvua Ziwa Lanier, mara nyingi nasimama ukingoni, mara mojamoja napanda boti ya mfanyakazi mwenzangu. Nimenunua vifaa vya dropushoti kwa sababu kila mtu ananiambia samaki aina ya besi wa Lanier hawaikatai. Kwangu wanaikataa. Ndoana inaning'inia ovyo, mshipi unajisokota mpaka unafanya vifundo, na nikihisi samaki nikavuta kwa nguvu, inarudi tupu. Shemeji yangu aliye Lowell, Massachusetts, naye ameniagiza nimtumie machubwi. Naomba unielekeze."

Marahaba mdogo wangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na nadhani shida zako tatu zina mzizi mmoja: unaivua dropushoti kama chambo cha kuburuta, na yenyewe ni chambo cha kukaa mahali pamoja. Ukilishika hilo, fundo, mtikiso na uvutaji vyote vitafuata.

Kwanza nikutoe wasiwasi kwamba umenunua kitu kigeni. Mimi nimekulia Tanga, na babu yangu alikuwa mvuvi wa mshipi. Mshipi wake wa changu ulikuwa na chubwi, yaani kile kizito cha kuzamishia mshipi, mwisho kabisa, na ndoana zimefungwa juu yake, ili chubwi likae juu ya mwamba na chambo kibaki pale samaki anapopita. Dropushoti ni mpango huohuo, ila kwa uzi mwembamba na chambo cha plastiki. Wavuvi wa besi Marekani kwa miaka mingi walizoea kinyume chake: uzito unatangulia, chambo kinaufuata chinichini. Wajapani, wanaovua kwenye maziwa yenye watu wengi na samaki waliokwisha kuwa wajanja, ndio walioufanyia kazi mpango huu kwa ajili ya besi, na katika miaka ya 1990 ukavuka bahari hadi Kalifornia. Mmoja wa walioupa umaarufu huku ni Aaron Martens, kijana wa Kalifornia aliyekuwa Mvuvi Bora wa Mwaka wa Bassmaster, mashindano ya uvuvi wa besi Marekani, mara tatu, 2005, 2013 na 2015. Alifariki 2021. Ukipata picha zake za video, usimtazame samaki, mtazame kifundo cha mkono.

Sasa tufunge ndoana. Chukua mshipi, uache mkia mrefu, sema sentimita 80, kisha ukunje uwe mara mbili. Pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoana. Funga fundo la kawaida kwa mshipi huo uliokunjwa, bila kulikaza. Kitanzi kilichobaki kipanue, pitisha ndoana nzima ndani yake, lowesha kwa mate, halafu vuta taratibu mpaka fundo likae juu ya tundu. Hilo ni fundo la Palomar, na hadi hapa naamini umefika. Ndoana yako inaning'inia kwa sababu umeishia hapo. Hatua inayobaki ni hii: ishike ndoana ncha ikitazama juu, chukua ule mkia mrefu, uurudishe tena ndani ya tundu ukitokea upande wa juu, ule wa ncha, utokee chini. Kaza. Ndoana itatoka pembeni mwa mshipi kama mkono ulionyooshwa, ncha juu. Ifunge nyumbani, ning'iniza chubwi, ushike mshipi mbele ya macho yako. Ikiwa ndoana inalala ubavuni mwa mshipi au ncha inatazama chini, kata ufunge upya. Usiende nayo ziwani kwa kutumaini kwamba maji yataisimamisha.

Chubwi la dropushoti lina kipini chenye mwanya unaozidi kuwa mwembamba kuelekea juu. Mshipi unaingizwa kwenye mwanya ukavutwa hadi ubanwe, basi. Wengi wanafunga na fundo kubwa hapo ili lisitoke. Mimi sifungi, labda nikirusha mbali kwa nguvu. Lanier imejaa miti chini yake: Bwawa la Buford lilipokamilika 1956 na mto Chattahoochee ukaanza kujaa nyuma yake, misitu mingi ilizama ikiwa imesimama. Chubwi litanasa, hilo halina mjadala. Lisipofungwa fundo, unavuta, linachomoka, unapoteza chubwi moja na kubaki na ndoana, chambo, na mara nyingine samaki aliye kwenye ndoana. Tumia la duara penye mawe na lile jembamba kama penseli penye matawi, kwa sababu penseli hupenya na kutoka. Kwa uzito, robo aunsi, yaani gramu 7, litakutosha sehemu nyingi. Upepo ukiwa mkali, au mkiwa kwenye kina cha futi 40, panda hadi gramu 10 au 14. Wanaokuambia chubwi jepesi daima ni bora wanafikiria chambo cha kuburuta. Huku chubwi zito kidogo linasaidia, maana linatulia.

Nikae hapa kidogo kwenye habari ya ukingoni, kwa sababu ndiko unakovua zaidi, na ndiko maelezo ya watu wa boti yanakokupoteza.

Aliye kwenye boti anashusha mshipi wima. Akiacha sentimita 60 kati ya ndoana na chubwi, chambo chake kiko sentimita 60 juu ya tope. Wewe uko ukingoni. Tuseme mshipi wako uliomo kati ya fimbo na chubwi ni mita 15, maji pale chubwi lilipo yana kina cha mita 3, na ncha ya fimbo yako iko karibu na uso wa maji. Mshipi uliokazwa unashuka kwa mteremko: mita 3 kwa mita 15, ni moja kwa tano. Zile sentimita 60 nazo zinalala kwenye mteremko uleule, kwa hiyo ndoana iko sentimita 12 tu juu ya tope. Ukilegeza, inalala chini kabisa, kwenye majani na matawi yaliyooza. Ndiyo maana unarudi na majani, mdogo wangu. Huna mkosi, ni hesabu ya pembe.

Dawa zake ni rahisi. Inua fimbo: ncha ikiwa mita 2 juu ya maji, mteremko unakuwa 5 kwa 15, na chambo kinapanda hadi sentimita 20. Refusha mkia ufike sentimita 80 au 90. Tumia chambo kinachoelea, maana si plastiki zote zinazoelea. Jaribu chako kwenye glasi ya maji kabla hujaondoka nyumbani. Na zaidi ya yote, chagua mahali ambapo kina kiko karibu na miguu yako: ncha ya mwamba inayoingia ziwani, ukuta wa mawe, nguzo za daraja. Lanier ina pwani nyingi zinazoshuka ghafla, na mahali kama hapo mtu wa ukingoni anavua karibu wima kama mwenye boti.

Kuhusu kutikisa. Kosa hili nimeliona kwa karibu kila mtu niliyemfundisha, na ndilo naamini linakunyima samaki kuliko jingine lolote. Mtu anasikia "tikisa", anaitikisa fimbo mpaka chubwi linaruka chini na kupiga kishindo. Besi amekaa pale anatazama kitu kinachorukaruka bila sababu, anageuka. Chubwi lisisogee. Unachotikisa ni ulegevu wa mshipi, ule mkunjo mdogo ulio kati ya ncha ya fimbo na ndoana.

Fanya jaribio hili leo jioni. Jaza maji kwenye beseni la kuogea, weka chubwi chini, shika mshipi kwa vidole viwili juu ya maji, sentimita chache tu juu ya ndoana. Kaza mshipi mpaka usikie uzito wa chubwi, kisha ulegeze upana wa ukucha, ukaze tena, ulegeze. Mtazame nyungunyungu wa plastiki. Mkia wake utatetemeka wote, ilhali mkono wako umesogea kiasi cha kupiga muhuri. Sasa acha kabisa. Mkia utaendelea kucheza peke yake kwa muda, ukizama na kupanda polepole. Hapo ndipo besi wengi wanapokula, wakati umeacha. Mimi natikisa mara tatu au nne, naacha nikihesabu hadi kumi, narudia mara mbili, kisha nasogeza chubwi nusu mita na kuanza upya. Siku za baridi nahesabu hadi thelathini, na mara nyingine sitikisi kabisa. Mawimbi yanayonesanesa boti yanatosha.

Nyungunyungu mwenyewe mtoboe puani, milimita 5 hivi kutoka kichwani, katikati kabisa. Hapo katikati pana umuhimu wake, kwa sababu ndipo penye jibu la mshipi wako unaojisokota. Ukimtoboa kando kidogo, unapovuta mshipi kurudi anazunguka kama pangaboi, na kila mzunguko unaingia kwenye mshipi. Fungua mfuko wako wa chambo uangalie: nina hakika wengi wametobolewa upande. Pili, vuta polepole unaporudisha; wavuvi wengi wakiona eneo halina kitu wanarudisha mbio, na hapo ndipo mshipi unapoharibika. Tatu, weka kizungushio kidogo, kile kiungo cha chuma kinachozunguka, kati ya mshipi mkuu wa kusokotwa, unaohimili pauni 10 hivi, na kipande cha florokaboni, uzi wa plastiki usioonekana sana majini, cha pauni 6 au 8. Kumbuka kizungushio hakipiti kwenye pete za fimbo, kwa hiyo kipande chote kilicho chini yake, pamoja na mkia wa chubwi, kisizidi mita moja na nusu, la sivyo hutaweza kurusha. Mwisho, ukisharusha, ufunge kwa mkono ule waya wa rili (gurudumu la kukunjia mshipi) unaoachia mshipi utoke, badala ya kuzungusha kishikio. Tabia hiyo ndogo imeniokolea mshipi mwingi.

Penye lundo la matawi usitoboe puani. Tumia ndoana yenye shingo iliyopinda, mvike nyungunyungu kama unavyovalisha sindano, na ncha uifiche ndani ya plastiki. Utapoteza kidogo uchezaji wake, lakini chambo kinachocheza vizuri kikiwa kimenasa kwenye tawi hakivui kitu.

Sasa lile la kuguswa na kuvuta ukakosa. Besi kwenye dropushoti mara chache anapiga. Anakifuata chambo, anafungua mdomo, anakivuta ndani pamoja na maji, na anakaa nacho palepale. Utakachosikia ni uzito, kama vile jani lililolowa limelala juu ya mshipi. Au hutasikia chochote, ila utaona mshipi umeanza kwenda pembeni. Na wakati chambo kinashuka mara ya kwanza, uangalie mshipi kwa macho: ukisimama kabla ya muda wa kufika chini, chubwi halijafika, samaki amelizuia. Katika hali zote hizi usivute kwa ghafla. Ndoana ni ndogo, ya waya mwembamba na ncha kali, haihitaji nguvu. Ukiikutua unachomoa chambo mdomoni ambao bado uko wazi, au unakata mshipi wa pauni 6. Zungusha rili mpaka mshipi ukazike na fimbo ianze kupinda, kisha inua fimbo kama unayepandisha ndoo kisimani, bila kusita na bila kushtua. Ndoana itaingia yenyewe kwenye pembe ya mdomo. Breki ya rili iwe laini, mshipi utoke samaki anapokimbia. Usishindane naye mbio za kwanza.

Kuhusu samaki wenyewe, wengi utakaowapata Lanier kwa njia hii ni besi wa madoa, si besi mdomo mkubwa. Mtu mgeni huwachanganya. Mdomo mkubwa, taya lake la juu linapita nyuma ya jicho ukiufumba mdomo. La wa madoa halivuki jicho. Ukibaki na shaka, pitisha kidole juu ya ulimi: wa madoa ana kiraka kinachokwaruza kama msasa. Tofauti hiyo inabadilisha uvuaji wako. Mdomo mkubwa ni samaki wa kujificha, anapenda kivuli na magugu. Ni yuleyule aliyepelekwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na Kenya mpaka leo watu wanamtafuta kandokando ya mafunjo. Wa madoa anapenda maji safi yenye kina, anatembea kwa makundi, na mara nyingi anaelea juu kidogo ya sakafu ya ziwa, akisubiri vidagaa. Samaki anayeelea juu kidogo ya tope ndiye hasa dropushoti ilitengenezewa.

Kiangazi, Juni hadi Septemba, mkiwa na boti nendeni kwenye malundo ya matawi yaliyo futi 20 hadi 30, kwenye vilima vya chini ya maji na ncha za nchi kavu zinazoendelea ndani ya ziwa. Magati ya watu binafsi ambayo chini yake kuna kina kirefu nayo ni mazuri, maana kivuli chake samaki wanakijua. Majira ya baridi wanashuka, futi 30 hadi 50, kwenye mabonde ya vijito vya zamani, na hapo sona ya boti, kile kifaa kinachoonyesha samaki walioko chini, ina kazi: ukiona kundi limesimama futi 3 juu ya chini, usiache mkia wa sentimita 20. Aprili wanapopanda kutaga kwenye maji mafupi, dropushoti inashika, lakini mimi huiweka kando na kurusha kitu kingine. Si kila tundu linafungwa kwa ufunguo mmoja. Kwenye maji machafu ya matope baada ya mvua kubwa vilevile siitumii. Chambo hiki ni cha samaki anayeona.

Lipo jambo hukuniuliza, lakini siwezi kukufundisha kuvua kwenye kina nikaliacha. Mwaka wangu wa kwanza wa dropushoti nilitoa besi wa madoa kutoka futi 40 hivi, mzuri, nikampiga picha, nikamrudisha majini. Alielea tumbo juu. Nilimsukuma chini mara tano, akarudi juu mara tano. Nilikuwa nimemtoa kwenye kina haraka, na hewa iliyo kwenye kibofu chake cha ndani ilitanuka mkandamizo wa maji ulipopungua. Hakuweza tena kushuka. Nilimwangalia mpaka boti ikasogea mbali, na sikufurahia picha ile. Ukivua zaidi ya futi 30, amua mapema: ama hao utakaowatoa ni wa kula, ukifuata idadi na urefu unaoruhusiwa Georgia, ama uwe na kishushio, yaani kibanio chenye uzito kinachoshika taya la chini na kumteremsha samaki hadi kina alichotoka, kisha kinamwachia. Kumtoboa kwa sindano kunahitaji mtu anayejua mahali pa kuingiza. Usijaribu kwa kukisia. Na ukiona samaki watatu mfululizo wamefura, hamia kwenye maji mafupi, hata kama bado wanakula.

Leseni ya uvuvi ya Georgia ni lazima kwa kila aliyetimiza miaka 16, hata ukivua ukingoni. Nadhani unayo, lakini wageni wengi wanadhani ni ya wenye boti tu.

Shemeji yako wa Lowell, hapo uwe mwangalifu. Machubwi mengi ya bei nafuu ni ya risasi, na Massachusetts tangu 2012 imekataza machubwi ya risasi yaliyo chini ya aunsi moja kwenye maji yasiyo ya chumvi. Sababu ni ndege anayeitwa luni, mzamiaji mkubwa wa maziwa ya kaskazini, ambaye humeza machubwi yaliyopotea na kufa kwa sumu. Machubwi yote ya dropushoti aliyokuagiza bila shaka yako chini ya uzito huo. Mnunulie ya tangsteni, metali nyingine nzito isiyo risasi. Ni ghali zaidi, kwa hiyo usimjazie kisanduku: sita ya robo aunsi na manne ya gramu 10, nusu ya duara na nusu ya penseli. Faida nyingine atajionea mwenyewe: tangsteni ni ngumu, na chubwi likigusa jiwe atalisikia hadi kwenye kiganja, kitu ambacho risasi laini haimpi. Mwambie asiyafunge fundo.